Kizibao cha Chungwa Kimetengenezwa kwa Macho ya Nani?

Katika toleo lililopita niliandika aya moja fupi nikimshauri kila anayeingia msituni wakati wa msimu wa uwindaji avae nguo ya rangi ya chungwa inayowaka. Aya hiyo imeleta barua nyingi, nyingine za wanaoanza kuwinda, nyingine za wazoefu wasiokubaliana nami hata kidogo. Nimechagua sita, nimezifupisha, na majibu yangu yanafuata kila moja.

SWALI: Nimeanza kuwinda mwaka huu pamoja na kaka yangu mkubwa, ambaye amewinda kulungu kwa zaidi ya miaka ishirini akiwa amevaa nguo za mabaka peke yake. Nilipojitokeza na kizibao cha chungwa alinicheka, akasema nimejivika taa na kwamba hakuna mnyama atakayenikaribia. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kumharibia siku yake. Je, anasema kweli?

JIBU: Hofu ya kaka yako ingekuwa na msingi kama kulungu angeiona dunia tunavyoiona sisi, lakini haioni hivyo. Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za kutambua rangi, na la kulungu lina mbili tu: moja hupokea mwanga wa bluu, nyingine hupokea mwanga ulio karibu na kijani. Ile ya tatu, ambayo ndiyo inayotuwezesha kutenganisha nyekundu na chungwa na kijani cha majani, hana. Kwa hiyo kizibao kinachokuumiza wewe macho, kwake huzama ndani ya rangi iliyofifia ya majani makavu na magome ya miti. Nguruwe mwitu na wanyama wengine wengi wenye kwato nao wana aina mbili tu za seli hizo.

Kinachomkimbiza kulungu ni mwendo, harufu inayobebwa na upepo, na umbo la mtu aliyesimama juu ya kilima mgongo wake ukiwa angani. Tena ipo rangi moja anayoiona vizuri kutushinda, nayo ni bluu, pamoja na miale ya urujuanimno ambayo lenzi ya jicho letu huichuja. Ikiwa kaka yako huvaa suruali ya jinzi chini ya koti lake la mabaka, basi suruali hiyo inamtangaza kwa kulungu kuliko kizibao chako.

Sasa nije kwenye macho ambayo kizibao kilitengenezwa kwa ajili yake. Mnamo Novemba 1988, katika jimbo la Maine nchini Marekani, mwanamke mmoja alitoka nyuma ya nyumba yake akiwa amevaa glavu nyeupe. Mwindaji aliyekuwa msituni karibu na hapo aliona kitu cheupe kikipepea, akaamini ni mkia wa kulungu, akafyatua risasi, na mwanamke yule akafa. Kisa hicho nimekifikiria mara nyingi, kwa sababu hakihitaji mtu mwovu ili kitokee. Mtu aliyekaa saa nne kwenye baridi akisubiri mkia mweupe, akili yake hujaza sehemu zinazokosekana: cheupe kidogo kinakuwa mkia, tawi linakuwa pembe, kivuli kinakuwa ubavu. Rangi ya chungwa inayowaka hukata mawazo hayo kabla hayajakamilika, kwa kuwa hakuna sehemu yoyote ya kulungu yenye rangi hiyo.

Usibishane na kaka yako. Mwombe asimame kwenye kichaka hatua mia moja kutoka ulipo akiwa na nguo zake za mabaka, kisha mbadilishane, wewe usimame palepale na kizibao. Akishaona kwa macho yake mwenyewe kwamba mdogo wake alikuwa haonekani na sasa anaonekana, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Niongeze jambo moja kwa wanaowinda ndege. Ndege wana aina nne za seli za rangi na huliona chungwa vizuri sana, ndiyo maana wanaowinda bata mzinga wa porini hukaa wamevaa mabaka kuanzia kichwani hadi miguuni. Hao nawaomba wavae chungwa wanapotembea kwenda na kurudi, na wakishaketi wafunge kitambaa cha chungwa kwenye mti walioegemea. Kamwe wasivae chochote chekundu, cheupe au cha bluu, hata soksi au leso mfukoni, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume ambalo mwindaji mwingine analitafuta.

SWALI: Nina kizibao cha reflekta cha rangi ya manjano-kijani chenye mistari ya fedha, ninachovaa nikiendesha pikipiki. Je, hakitoshi kwa uwindaji?

JIBU: Hakitoshi, na ni vyema kuelewa sababu yake. Mistari ya fedha hurudisha mwanga kule ulikotoka, na kwa hiyo humsaidia dereva ambaye taa zake ziko karibu na macho yake. Mwindaji mwenzako saa mbili asubuhi hana taa usoni, na kwake mistari hiyo ni vitambaa vya kijivu tu.

Kitambaa cha fluoresenti hufanya kazi kwa njia nyingine. Rangi yake hunyonya miale ya urujuanimno na mwanga wa bluu, kisha huitoa tena ikiwa mwanga wa chungwa, ndiyo maana huonekana kana kwamba kinawaka kutoka ndani, hata wakati wa mawingu, alfajiri na jioni. Lakini kumbuka kwamba kitambaa hicho hakina mwanga wake chenyewe: giza likishaingia, chungwa hugeuka kuwa weusi kama nguo nyingine yoyote, na hapo unahitaji tochi.

Ama manjano-kijani, ni kweli kwamba jicho letu huipokea kwa nguvu sana mchana, na barabarani hakuna ubaya wowote. Msituni hali inageuka, kwa sababu majani mabichi yaliyopigwa na jua yanakaribiana nayo, na kulungu naye huiona vizuri. Kama chungwa hulipendi, tazama waridi inayowaka. Jimbo la Wisconsin liliikubali mwaka 2016, likiwa la kwanza Marekani, na majimbo mengine kadhaa yamefuata.

SWALI: Nguo hiyo inatakiwa iwe na ukubwa gani? Mimi huvaa kofia ya chungwa tu, na koti lenye mabaka ya chungwa na meusi.

JIBU: Sheria hutofautiana, kwa hiyo soma ya mahali unapowinda kabla ya kununua chochote. Nitaje chache ili upate picha. Colorado hudai inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia inayoonekana kutoka kila upande, na mabaka ya chungwa hayahesabiki. Pennsylvania huridhika na inchi za mraba 250 kwa kichwa, kifua na mgongo vikijumlishwa. Huko Québec, Kanada, ni sentimita za mraba 2,580 mgongoni, mabegani na kifuani. Ufaransa imewalazimisha tangu mwaka 2020 wote wanaoshiriki misako ya pamoja ya wanyama wakubwa kuvaa kizibao cha fluoresenti wakati wote. Ili usipotee kwenye hesabu, tandaza karatasi za A4 sakafuni: karatasi tano ni karibu sawa na kile Colorado inachodai. Nyingi zaidi zingetosha vizuri, nami ningependa uvae nyingi zaidi.

Maneno yenye uzito katika sheria hizo ni «kutoka kila upande». Kofia yako ni nzuri, pengine ndiyo kitu cha kwanza kinachoonekana mtu akiinuka nyuma ya gogo, lakini ukiinama kufunga kamba ya kiatu inatazama ardhini. Koti la mabaka nalo lilibuniwa ili kuvunja umbo la mtu, na umbo la mtu ndilo tunalotaka lionekane. Kwa mbali, mabaka ya chungwa na meusi huwa vipande vidogo, na vipande vidogo katika msitu wa majani yanayopukutika vinaweza kuwa majani.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili nikitembea nyuma ya rafiki yangu. Alikuwa amevaa kizibao kizuri kipya, na juu yake amebeba mkoba wa kijani uliofunika mgongo wote kuanzia shingoni hadi kiunoni. Alipochepuka hatua thelathini kuingia vichakani, nikabaki namtafuta, huku najua kabisa alipo. Nilimwona tu alipogeuka. Tangu siku hiyo mikoba yetu ina mifuniko ya chungwa, na kizibao changu ni kikubwa cha kutosha kuvaliwa juu ya koti zito, si chini yake.

Kwa mantiki hiyohiyo, ukibeba mnyama uliyemwua, mzungushie kitambaa cha chungwa, maana mtu aliyebeba pembe begani amejigeuza kulungu. Ukiketi ndani ya kibanda cha kujifichia, chungwa lako limefunikwa na turubai, kwa hiyo funga lingine nje, juu, mahali linapoonekana pande zote. Mbwa naye avalishwe.

SWALI: Mimi si mwindaji. Hutembea na mbwa wangu kwenye msitu ulio karibu na nyumbani, na mara nyingine huokota uyoga. Naona si haki kwamba mimi nibadilishe mavazi yangu kwa sababu ya watu wenye bunduki.

JIBU: Dada yangu, unasema kweli, na nisingependa jibu langu likuondolee haki hiyo. Wajibu wa kujua kilicho mbele ya mtutu, na kilicho nyuma yake, ni wa mwenye bunduki peke yake. Hakuna vazi la mpita njia linaloupunguza. Mwindaji anayesema «hakuwa amevaa chungwa» baada ya kumpiga mtu, anakiri tu kwamba alifyatua kabla ya kutambua. Wajibu huo una kanuni zake: mnyama atambuliwe mzima na si kipande chake, na atambuliwe kwa darubini ya mkononi, kamwe si kwa darubini iliyofungwa kwenye bunduki, kwani anayekutazama kwa hiyo tayari amekuelekezea mtutu.

Hata hivyo nakuomba uvae. Desemba 2020, kusini magharibi mwa Ufaransa, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akipasua kuni karibu na nyumba yake alipigwa risasi na mwindaji aliyemdhania nguruwe mwitu. Hakuwa na kosa lolote. Kizibao chepesi kinachovaliwa juu ya koti lako la kawaida kinaweza kukaa kwenye msumari uleule unapotundika kamba ya mbwa, na kuokota uyoga, kazi ya kuinama kimya vichakani, ndiyo hasa inayokihitaji. Acha nyumbani skafu nyeupe na koti la hudhurungi katika miezi ya msimu. Ukimwona mwindaji ambaye huna hakika kama amekuona, usipunge mkono wala usipige mluzi; simama, kisha sema kwa sauti kubwa ya kawaida kwamba upo.

SWALI: Shemeji yangu ninayewinda naye hatofautishi nyekundu na kijani. Je, chungwa lina maana yoyote kwake?

JIBU: Lina maana, ila pungufu. Hali hiyo humpata takriban mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo si jambo la nadra miongoni mwa wawindaji. Rangi ya fluoresenti humsaidia kwa ukali wake wa mwanga hata pale rangi yenyewe inapompotea, ingawa kwa wale ambao seli zao za nyekundu hazifanyi kazi chungwa huonekana hafifu zaidi. Mgawane pande kabla hamjaanza: yeye asielekeze bunduki upande wako kwa vyovyote, na wewe usihame bila kumjulisha. Fanyeni lile jaribio la hatua mia moja na rangi mbili, chungwa na waridi, yeye mwenyewe akuambie ipi anaiona upesi.

SWALI: Kizibao changu kina miaka sita. Nakifua kwa sabuni ya unga ya kawaida na bado ni kizima. Nitajuaje kama kimechoka?

JIBU: Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, ambazo huifanya itoe mwanga wa bluu, yaani ile rangi kulungu anayoiona vizuri. Tafuta sabuni isiyo na kemikali hizo, usitumie dawa ya kupausha, na ukianike kivulini, kwa sababu rangi za fluoresenti huuawa na jua kabla kitambaa hakijachanika. Ili kukipima, inua kifuniko cha mfuko wa kifuani. Kitambaa kilichojificha chini yake hakijaona jua kwa miaka sita. Kilinganishe na bega, ukiwa nje, jua likiwa linazama. Ikiwa bega linaonekana kama tofali kuukuu na chini ya kifuniko bado panawaka, nunua kingine kabla msimu haujafunguliwa.