Muziki wa Klasiki Usikilize Kuanzia Sauti ya Nne

Watu wanaoniuliza waanzie wapi na muziki wa klasiki mara nyingi wameshajaribu. Wamefungua simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, YouTube, wakasikiliza dakika tano, vyombo vikawapita huku na huku bila wao kujua wafuate kipi, wakarudi kwenye rumba. Siwalaumu hata kidogo. Ushauri wangu kwao ni mmoja: chagua sauti moja, uifuate tangu mwanzo hadi mwisho, na ikiwezekana iwe ile ya chini kabisa.

Mimi ni besi. Nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa tangu ujana, na kila aliyesimama kwenye mstari ule wa nyuma anajua mambo yetu. Soprano ndio wanaopewa wimbo unaokumbukwa. Sisi tunapewa do, fa na so, tena za kushikilia. Lakini besi ndiye anayesikia wimbo ukigeuka. Soprano wanaweza kubaki kwenye nota ileile, sisi tukashuka hatua moja tu, na furaha yote ikawa huzuni. Watunzi wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 walijenga muziki wao hivyo hasa. Mpiga kinanda alikuwa akiandikiwa mstari wa besi wenye tarakimu juu yake, na sauti za katikati akazijaza mwenyewe palepale. Ukiishika besi, umeshika kitu kilekile alichokuwa amekishika yeye.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa: usisikilize kwa spika ya simu. Spika ile ndogo haitoi sauti za chini, na nusu ya kazi ya mtunzi inapotea kabla haijakufikia. Tafuta spika za masikioni, hata za bei nafuu, au unganisha simu na redio ya nyumbani.

Kisha anza na unachokijua. Kwa wengi waliokulia kwenye kwaya, hicho ni Haleluya ya mtunzi Handel. Imo ndani ya Messiah, kazi aliyoiandika London mwaka 1741 kwa siku 24 tu, ikaimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Onyesho lile lilikuwa la hisani, na sehemu ya mapato ikatumika kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Isikilize tena, ila safari hii usiimbe. Ngoja ufike pale kwenye Mfalme wa wafalme: sauti za juu zinashikilia nota moja ndefu huku nyingine zikirusha haleluya chini yake, halafu nota ile inapanda hatua moja, inapanda tena, na tena. Nimeiimba na bado mwili unanisisimka tunapofika hapo.

Halafu usizime. Kwaya zetu huishia kwenye Haleluya, lakini Handel aliiweka mwishoni mwa sehemu ya pili, na bado iko ya tatu. Inafunguliwa na soprano mmoja, taratibu, kwa maneno ya Ayubu: najua ya kuwa Mtetezi wangu yu hai. Baada ya kelele zote zile za shangwe, mtu mmoja anasimama na kusema "najua". Ningemwomba kila mwalimu wa kwaya awasikilizishe waimbaji wake wimbo huu.

Ila mtunzi wangu ni Johann Sebastian Bach, na kwake sitaharakisha. Alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685, mwaka uleule aliozaliwa Handel, na kufikia umri wa miaka kumi alikuwa amefiwa na baba na mama. Kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750 alisimamia muziki wa makanisa makuu ya Leipzig. Alikuwa mwalimu wa kwaya, kwa maana ileile tunayoijua sisi: kufundisha vijana, kuandaa wimbo wa Jumapili, na ikiisha Jumapili hiyo kuanza kuandaa nyingine. Kantata zake, yaani kazi za waimbaji na vyombo, zipatazo 200 zimetufikia.

Kazi yake ya kuanza nayo ni Mateso kwa Mathayo, yaani mateso ya Yesu kama yalivyo katika Injili ya Mathayo, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1727. Watu huiogopa kwa sababu urefu wake unakaribia saa tatu na ni ya Kijerumani. Chukua Biblia yako ya Kiswahili, fungua Mathayo sura ya 26 na ya 27, kaa nayo mapajani. Mwimbaji wa sauti ya tena anayesimulia anaimba maneno ya Injili mstari kwa mstari bila kuruka, na majina utayasikia: Petro, Yuda, Pilato. Pilato anapouliza awafungulie yupi, kwaya nzima inapasuka kwa neno moja tu, Baraba, kwenye mkusanyiko wa sauti unaokwaruza. Hutahitaji tafsiri.

Sasa fuata besi na ala za nyuzi kama fidla. Kila Yesu anapoimba, fidla zinaingia na kumzunguka kwa sauti ndefu, tulivu. Wengine wanaoimba peke yao maneno ya Injili wanaimba bila hizo. Unazoea hata unaacha kuziona. Mpaka ufike Mathayo 27:46, Eli, Eli, na fidla hazipo. Ameachwa peke yake na besi. Bach haelezi chochote hapo, anaziondoa tu, na mimi sijui mahubiri ya Ijumaa Kuu yaliyowahi kunifikishia upweke ule kama zile nyuzi zilizonyamaza.

Kuna na jambo la pili, la waimba kwaya hasa. Ndani ya kazi hii mna korali moja, yaani wimbo wa kanisa wa sauti nne, inayorudi mara tano, ile ya kichwa kilichojaa damu na majeraha. Melodia yake imo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani. Ilitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi, kanisa likaichukua baadaye. Mara mbili za kwanza Bach anaipanga kwa sauti nne zilezile, ila mara ya pili ameishusha nusu hatua. Katikati ya hizo mbili Petro ameapa kwamba hatamkana Bwana wake. Sauti nne hazijabadilika, zimeshuka kidogo tu, nasi tunaijua ahadi ile itaishia wapi. Kisha inakuja ya mwisho, mara Yesu anapokata roho, na hapo sauti za chini hazitulii tena: zinapita kwenye nusu hatua za ajabu, nota ambazo ukizisoma kwenye karatasi unadhani zimekosewa. Soprano wanaimba wimbo uleule waliouimba mwanzo. Kifo kimeandikwa chini yao.

Itafute melodia hiyohiyo kwenye Oratorio ya Krismasi, kazi ya Bach ya waimbaji na okestra ya mwaka 1734. Inaimbwa mapema katika sehemu ya kwanza, halafu inafunga kazi nzima katika sehemu ya sita, safari hii na tarumbeta na ngoma. Wimbo wa msalaba umewekwa kwenye hori la ng'ombe. Naipenda imani ya mtu aliyeweza kufikiri hivyo kwa nota.

Ukiwa si mtu wa kanisa, Bach huyohuyo ameandika switi sita, yaani mafungu ya vipande vifupi, za chelo, ile fidla kubwa ya sauti ya chini, chombo kimoja bila msaada wa yeyote. Anza na utangulizi wa ile ya kwanza. Ni dakika mbili au tatu. Sikiliza nota ya chini inavyorudi palepale mwanzoni huku za juu zikitembea; chelo moja inaimba besi na wimbo kwa pamoja. Mpiga chelo Pablo Casals alikutana na nota za switi hizi Barcelona akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, akazifanyia kazi miaka mingi, na rekodi zake za miaka ya 1930 bado zinapatikana. Zinakwaruza kidogo. Zisikilize hivyohivyo.

Beethoven nampenda pia, lakini mje kwake mkishazoea kufuata kitu kimoja. Simfoni ya Tano, iliyosikika kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, haitakupotosha ukizishika zile nota nne za mwanzo na kuzitafuta zinakojificha. Na Samuel Coleridge-Taylor asisahaulike: Mwingereza, baba yake daktari kutoka Sierra Leone, ambaye mwaka 1898 kwaya za Uingereza zilimpokea kwa shangwe kwa kazi yake juu ya arusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi la Mmarekani Longfellow. Yeye ni mtunzi wa waimbaji kabisa.

Kama unaweza kusikia kwa masikio yako bila mashine, nenda. Nairobi ina okestra yake, na Kinshasa ipo Okestra ya Kimbanguiste, ya kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, wanaopiga hata Simfoni ya Tisa ya Beethoven na kwaya yake. Ukiingia ukumbini kaa upande wa mabesi yale makubwa ya kusimama.

Na kwa mwalimu wa kwaya mwenye waimbaji walio tayari kujaribu: korali za Bach zina sauti nne za kawaida, na nyingi hazizidi ukurasa mmoja. Ziandike kwa do-re-mi. Wiki ya kwanza fundisha soprano na besi tu, waimbe hizo mbili hadi zikae. Alto na tena waingie wiki inayofuata, wakiwa wameshazisikia kingo zote mbili za wimbo.