Siku ambayo hakuna mgonjwa

SWALI: Mama, salamu nyingi kutoka Bagira, hapa Bukavu. Mimi ni msichana wa miaka 27. Nilisomea uuguzi, kisha nikafundishwa tiba ya mimea miaka miwili. Najua kukausha majani kivulini, kupima kwa gramu, kujua mmea gani haumfai mjamzito na upi unagombana na vidonge vya presha. Nina meza yangu ya dawa Kadutu na watu wananiamini. Lakini kuna jambo linanisumbua moyoni. Marehemu koko yangu, yaani bibi, hakujua gramu, ila alikuwa akifika mbele ya mti anasimama, anasalimia, ndipo anachuma. Mimi nikifika naona duka la dawa lenye mizizi, basi. Natamani uhusiano ule wa roho aliokuwa nao. Nilipomuuliza mchungaji wangu, akaniambia kusalimia miti ni kuita mizimu, niache kabisa. Nifanye nini?
Binti wa Bagira

JIBU: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nayo nje nikaketi karibu na mubirizi wetu, ule mti mchungu wa dawa unaotenganisha paseli yetu na ya jirani hapa Nguba, kwa sababu nilitaka kukujibu nikiwa mbele yake. Nina zaidi ya miaka thelathini naye.

Umeona nimeandika "naye". Mwalimu wa Kiswahili angeniwekea alama nyekundu, maana mti ni "nao". Lakini koko yangu, mama mzaa mama, aliyeishi Katana mpaka alipofariki, sikumsikia hata siku moja akisema mti umenyauka. Alisema "amechoka". Alisema "usimguse leo, ameamka vibaya". Nikiwa mdogo nilidhani ni Kiswahili cha mtu aliyezoea Mashi, lugha ya kwao. Nilipokua nikaelewa kwamba mti alikuwa ameshamtoa kwenye ngeli ya shuleni akamweka kwenye ngeli ya watu, na yote mengine aliyofanya yalitokea hapo.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa mimea, kwa njia nyingine. Alifanya kazi Lwiro, katika kituo cha utafiti kilichotokana na IRSAC, taasisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1947. Kazi yake ilikuwa kubana mimea katikati ya magazeti, kubadilisha magazeti hayo mpaka mmea ukauke, kuubandika kwenye karatasi ngumu, kisha kuandika jina la Kilatini, mahali ulipotoka, kimo cha mlima, tarehe na jina la aliyeuchuma. Siku moja koko alimtembelea kazini akiwa na mimi. Baba akamwonyesha karatasi ya mubirizi, imeandikwa Vernonia amygdalina. Koko akaipapasa kwa kidole, polepole, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Akasema, "Mmemlaza vizuri." Halafu akauliza, "Alikuwa anaishi na nani?"

Baba hakuwa na jibu. Karatasi ile haikuwa na mstari wa majirani. Tangu siku hiyo alianza kuandika katika kidaftari chake cha mfukoni kila mmea alioukuta na nani: nyasi gani chini yake, mdudu gani kwenye ua, kivuli cha mti upi. Kidaftari hicho ninacho mimi sasa, kurasa zimekuwa za rangi ya chai.

Nakusimulia haya usije ukadhani lazima utupe gramu zako ili upate roho. Baba hakutupa kibandiko, aliongeza mstari.

Sasa nije kwa kile unachokitafuta. Nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu akaumwa tumbo usiku kucha. Alfajiri koko akanichukua mpaka kwenye ua wa mubirizi. Alisimama kwanza. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayebisha hodi kwa jirani, jina la kaka yangu na jina la baba yake, na kwamba tumekuja kwa ajili ya huyo. Akachuma majani machache kwenye shina hili, machache kwenye lile, hakukomba tawi hata moja. Hayo labda uliyaona kwa koko yako pia. Lakini kilichonifundisha kilikuja siku ya nne, kaka ameshakula, anacheza nje. Koko akanipa kibuyu cha maji na majivu ya jikoni kwenye jani la mgomba, akaniambia, "Hatujamaliza. Nenda ukamwambie amepona." Niliona haya, nikatazama kushoto na kulia kama kuna mtu. Nikamwaga maji, nikanyunyiza majivu shinani, nikasema: amepona. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine kidogo, na sijui kueleza zaidi ya hapo.

Na bado hicho si kiini. Kiini ni kwamba koko alikwenda kwa mubirizi hata siku ambayo hakuna mgonjwa. Kila asubuhi akienda shambani alipitisha kiganja kwenye majani, akatazama, akaendelea na safari. Wewe, mwanangu, unakutana na mimea siku za kazi tu. Mtu anayefika kwako siku za michango peke yake, hata akiwa na adabu namna gani, unajua moyoni mwako kwamba hamjawa ndugu. Mmea uendee ukiwa huna haja naye.

Hata maarifa yenyewe ya dawa yalikuja kwa njia ya kukaa na kutazama. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyejua dawa za kwao. Walikuwa wanamfuata sokwe jike anayeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, analala-lala mchana, hana hamu ya kula. Wakamwona anakwenda kwenye kichaka, anavunja chipukizi, anamenya ganda, anatupa majani, anatafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Kesho yake nguvu zilikuwa zimerudi. Seifu aliutambua mmea mara moja: mjonso, dawa ya tumbo ya Watongwe. Mjonso ndiye mubirizi wetu, mwanangu, yuleyule. Na yule sokwe hakula majani, ambayo yana ukali zaidi, alikula kiini. Kwa hiyo kipimo nacho kina heshima yake ya zamani sana.

Ninachokushauri ni hiki. Chagua mmea mmoja, asiwe wa ajabu, asiwe wa mbali. Kama kwenu kuna sitroneli, yaani mchaichai, iliyopandwa kuzuia udongo usiteremke na mvua, huyo anatosha. Anza mvua za Septemba zikirudi, uende naye mpaka Septemba nyingine. Kila asubuhi kabla hujashika simu, keti naye kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Usichume kitu. Usiombe kitu. Siku za kwanza utaona aibu, kisha utachoka, na uchovu huo ndio mlango, usikimbie. Baada ya miezi kama miwili utaanza kuona yale ambayo yalikuwepo siku zote. Mimi nilikuwa nimetumia mubirizi miaka mingi kabla ya kujua kwamba maua yake madogo meupe yananukia utamu, na nyuki wanayajua kuliko mimi. Mti mchungu kiasi kile, na ndani yake ameficha asali! Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Chukua daftari. Ukurasa wa kushoto uwe wa baba: tarehe, mvua, chipukizi, ua. Wa kulia uwe wa koko: alikuwa na nani leo, ameamkaje, na mimi nimeamkaje. Usingojee sauti itoke kwenye majani. Tangu utotoni sijasikia sauti. Ninachopata ni utulivu unaonishika mabegani, na mara nyingine neno la kumwambia mgonjwa ambalo sikulipanga. Kuna mama alikuja kwangu hawezi kulala baada ya kumzika kijana wake. Chai ilimsaidia kidogo. Nikampa mche wa sitroneli aupande mwenyewe, aupunguze majani kila Jumamosi. Alirudi baada ya miezi akaniambia Jumamosi ndiyo siku anayoweza kulitaja jina la mwanawe. Hilo nalo naliita tiba, hata kama halina gramu.

Ukifika siku ya kuchuma, taja jina la mgonjwa. Chuma kwa kutawanya. Magome usiyachune kuzunguka shina zima. Nadhani umeona milimani miti ya Prunus africana iliyochunwa pande zote kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayosafirishwa nje. Mti uliochunwa hivyo unakufa ukiwa umesimama, na ndiyo maana tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES. Mgonjwa akipona, rudi ukamwambie mti. Asipopona, rudi pia.

Na ile meza yako ya Kadutu iendelee na mizani yake. Upendo kwa mmea haumpi ruhusa ya kuwa kila kitu. Mubirizi unaweza kushusha sukari, kwa hiyo anayemeza vidonge vya kisukari umuulize kabla hujampa. Chai ya artemisia isichukue nafasi ya dawa ya malaria iliyopimwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo. Mtoto mwenye homa kali mpeleke hospitali, koko yangu mwenyewe angembeba mgongoni.

Sasa mchungaji wako. Usimdharau, ana sababu ya kuogopa. Hapa kwetu wako watu wanaoshika jani na kumwambia mjane kwamba mti umemtaja jirani yake kuwa mchawi, alete mbuzi na pesa. Wazee wamefukuzwa majumbani kwa maneno kama hayo, na watoto pia. Mtu yeyote anayekuambia mmea amemtuhumu binadamu, au anayekuuzia roho ya mti, mkimbie. Lakini kusalimia si kuabudu. Nikimwamkia mama mkwe asubuhi sijamfanya Mungu. Koko alimwita Mungu Nyamuzinda, ndiye mwenye vyote, na mubirizi alikuwa jirani aliyewekwa hapo naye. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili, na Zaburi ya 96 inaniambia kwamba miti yote ya msituni itaimba kwa furaha mbele za Bwana. Mtu anayeimba naye kwaya moja, kwa nini usimwamkie? Mwulize mchungaji wako swali hilo kwa upole, siyo kwa kushindana.

Neno moja la mwisho kuhusu huyu niliyeketi naye. Nilimpanda mwaka 1989 kwa tawi lililotoka kwenye ua wa koko. Oktoba 1996 vita vilipofika Bukavu tulikimbia na mafurushi kichwani. Tuliporudi, bati hazikuwepo, milango haikuwepo, na mubirizi ulikuwa umekatwa kwa kuni mpaka chini. Nilipiga magoti nikatafuta kwa vidole kwenye majivu ya watu nisiowajua. Palikuwa na chipukizi mbili, ndogo kama masikio ya panya. Nilizimwagia maji kabla sijaingia ndani kuona kilichobaki.

SWALI: Mama, nimehamia Goma. Tunaishi katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano ya 2002, paseli nzima haina udongo hata wa kupanda lenga-lenga, yaani mchicha. Nawasoma wengine wanazungumzia bustani zao naona wivu. Mtu kama mimi ataanzia wapi?
Baba wa Watatu, Goma

JIBU: Baba, anzia hapohapo kwenye jiwe. Moto wa Nyiragongo uliposhuka Januari 17, 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ulichoacha kilikuwa kitupu kabisa. Sasa chukua jiwe moja la paseli yako ulisogeze karibu na macho. Utaona manyoya ya kijivu yaliyolishika. Wataalamu wanamwita likeni, naye ni wawili katika mwili mmoja: kuvu na mwani, mmoja anashika jiwe na kutunza unyevu, mwingine anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hao ndio wa kwanza kufika. Polepole wanalilainisha jiwe, vumbi na mabaki yao yanajikusanya kwenye nyufa, na hapo kangaga anapata pa kuweka mguu.

Tafuta ufa wenye kangaga. Uko, labda nyuma ya choo au pembeni ya tangi la maji. Waite watoto wote watatu, waambie huyu ni jirani aliyetutangulia hapa, asing'olewe. Maji ya kusuuza mchele msiyamwage popote, mpelekeeni yeye jioni, kwa zamu, na kila mtoto amsalimie kwa jina watakalompa wenyewe. Kisha uniandikie mmemwita nani.