Mtoto Mdogo na Ukoo Wake: Anza na Hadithi Yake Mwenyewe

Wazazi wanaotaka watoto wao waujue ukoo wao, wengi huanzia mbali mno. Huanza na babu wa babu, alitokea wapi, alizaa na nani, nani alifuata. Mtoto wa miaka minne husikiliza kidogo, kisha anaomba maji ya kunywa na kuondoka. Simlaumu. Katika miaka yangu ya kufundisha chekechea na kulea wanangu, nimeona kwamba mtoto wa umri huo hujali ukoo pale tu anapojikuta yumo ndani ya habari yenyewe.

Kwa hiyo mwanzie siku aliyozaliwa. Ilikuwa usiku au mchana? Nani alimpakata wa kwanza? Nani alimpa jina, na walibishana kwanza au walikubaliana mara moja? Wanangu wameiomba hadithi hii kuliko nyingine yoyote, na nikiruka kipande wananirudisha nyuma. Humo ndugu huingia wenyewe. Shangazi si mtu wa kuamkiwa tu kwa kuwa mama amesema. Ni yule aliyefika usiku wa manane na begi la nguo ndogondogo. Babu ni yule aliyekataa kukaa mpaka amwone mjukuu.

Jina lipewe nafasi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 8, unatambua haki ya mtoto kuhifadhi utambulisho wake, na unataja uraia, jina na uhusiano wa kifamilia. Kama mtoto amerithi jina la mtu, usimwambie tu kwamba alikuwa mtu mwema. Mtajie jambo ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulifanya leo: alikuwa akipiga mluzi kila anapofanya kazi, au hakuweza kupita kando ya mbwa bila kumsemesha. Mtoto atajaribu mluzi siku hiyohiyo. Na kama jina halikurithiwa, mweleze mlivyolipata. Hilo nalo ni lake.

Kuna jambo moja la akili ya mtoto ambalo linasaidia kulijua. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwahi kuwauliza watoto kuhusu kaka na dada zao. Akaona kwamba mtoto mdogo anaweza kusema ana kaka, lakini akiulizwa kama huyo kaka naye ana ndugu, anajibu hana. Hajioni kuwa ni ndugu wa mtu. Mimi hukutana na majibu ya namna hiyo darasani mara kwa mara. Sasa mtoto kama huyo ukimwambia "huyu ni mama wa baba yake mama", unamtwika mzigo asioweza kuubeba bado.

Kilichonifaa mimi ni picha, tena chache. Nilitandaza chache sakafuni, mojawapo ya mama yangu akiwa msichana mdogo, soksi moja imepanda na nyingine imeshuka hadi kwenye kifundo. Binti yangu aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza: "Kumbe bibi alikuwa mtoto? Sasa nani alikuwa anamwogesha?" Sikumweleza nasaba. Nilimjibu habari ya kuogeshwa: nani aliyemwogesha, kwamba alikuwa akilia sabuni ikimwingia machoni, kama yeye alivyolia jana yake. Ndipo nikamwonyesha picha ya huyo aliyemwogesha, na yeye mwenyewe akaiweka juu ya ile ya bibi. Vizazi vikawa vimepangika, na mpangaji ni yeye. (Chapisha nakala za kuchezewa, zile za asili zifungie. Vidole vya watoto havina huruma na picha.)

Namna ya kusimulia ina uzito kuliko wingi wa habari. Marshall Duke na Robyn Fivush, wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani, waliandaa maswali 20 ya kupima mtoto anaijua familia yake kiasi gani: wazazi wake walikutana wapi, babu na bibi walikulia wapi, yeye alizaliwaje. Watoto waliojua zaidi walionekana kujithamini zaidi, na familia zao zilionekana kuwa na maelewano bora. Wazazi wengine wakisikia hivyo wanakimbilia kuwakaririsha watoto majibu. Duke mwenyewe alitahadharisha kwamba kukariri hakuleti faida hiyo. Majibu yale ni alama ya familia inayokaa pamoja na kuzungumza, tena mara nyingi. Kwa hiyo simulia mnapokunja nguo, mnapotembea, taa inapokaribia kuzimwa. Na uulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: "Unakumbuka nini siku ile tulipokwenda kwa babu?" Kisha ongezea juu ya alichosema, hata akikumbuka tu kwamba alikaa karibu na dirisha.

Wala usichuje shida zote. Familia isiyowahi kuanguka katika simulizi haimfundishi mtoto la kufanya siku yake ikiwa mbaya. Mwambie babu aliwahi kupoteza kazi, nyumba ikawa na dhiki, na nani alisimama naye. Chagua kiasi kinachomfaa umri wake, na daima mwonyeshe aliyeshika mkono wa mwenzake. Kuhusu waliotangulia, tumia neno lenyewe: amekufa. Ukisema amelala, mtoto anaweza kuogopa kulala. Ukisema amesafiri, atamsubiri arudi. Watoto wadogo wengi bado hawajaelewa kwamba kifo hakina marejeo, hivyo atauliza tena na tena. Jibu vilevile kila mara, kwa utulivu.

Mila za nyumbani zinamwingia mtoto kwa kazi. Kwenye sherehe za familia watoto huwekwa pembeni wasisumbue, kisha wakishakua tunashangaa hawajali. Mpe mtoto wa miaka mitatu kazi ya kudumu: yeye ndiye anayewapokea wageni mlangoni, au anayegawa vitambaa, au anayeanzisha wimbo. Isiwe kazi ya kumchangamsha tu. Iwe kazi ambayo asipoifanya mambo yanasimama kidogo. Na akiuliza kwa nini tunafanya hivi, usimjibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Mtaje mtu: "Bibi yako alianza, kwa sababu..." Kama sababu imepotea, mwambie hamuijui, mkamuulize mkubwa fulani.

Familia nyingine zina pande mbili zisizofanana kwa dini, lugha au desturi. Mtoto hababaiki na pande mbili. Kinachomsumbua ni upande mmoja kudharauliwa mbele yake. Sema mazuri ya upande wa mwenzako, hata kama mmeachana. Kwa mtoto aliyeasiliwa, habari ya asili yake aanze kuisikia angali mdogo, kwa maneno mepesi, na ya kweli, ili isije ikawa siri ya kugunduliwa. Nanyi walimu wenzangu, kazi ya "chora baba na mama" inawaumiza watoto ambao mmoja wao hayupo. Mwambie mtoto achore watu wanaomlea na kumpenda. Mimi nimepokea michoro ya mjomba, jirani, na dada mkubwa mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba, na kila mmoja alistahili kuwemo.

Mwisho, msichelewe kuwarekodi wazee. Simu inatosha. Mwache mtoto aulize yeye, kwa sababu wazee humjibu mtoto mambo ambayo hawajawahi kutuambia sisi. Maswali yawe madogo: ulikuwa unaogopa nini, ulicheza na nani, uliwahi kuadhibiwa kwa kosa gani. Hifadhi nakala mahali pawili, na jina la faili liwe na jina la mzee na mwaka. Nyuma ya picha za karatasi andika majina kwa penseli laini, maana kalamu ya wino huweza kupenya na kuiharibu picha.