Mdogo wangu ndiye mkalimani wa mama, inatosha?

SWALI: Mama yangu ana miaka 45 na anaongea Kimaasai tu. Amekutwa na saratani ya titi, wiki ijayo anaanza dripu za dawa ya saratani Moshi. Mdogo wangu wa kiume, yupo kidato cha pili, ndiye anayemtafsiria. Tumemwambia asitaje saratani, aseme ni jipu, mama asikate tamaa. Kuna ubaya?
Msomaji, Longido

JIBU: Dada yangu, ubaya upo. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani, na karibu kila kliniki nakutana na familia inayoamini kwamba ikishapata mtu wa lugha mbili, kazi imekwisha. Daktari akiuliza kama chuchu inatoa damu, au mama alipata siku zake lini, kijana huyo atamuulizaje mama yake mzazi? Nimewaona. Anatazama sakafu, kisha anajibu mwenyewe: "Hapana." Na sisi tunaandika hapana.

Halafu hilo jipu. Mwenye jipu akianza kutapika na kunyonyoka nywele, atarudi dripu ya pili kwa lipi? Ila kinachonitisha zaidi ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, mara nyingi chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, huwa zimeshuka sana. Joto likifika 38, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mama mmoja aliletwa kwetu siku ya nne ya homa. Mkalimani alikuwa amemwambia, "Ukisikia homa, meza dawa." Akanunua za malaria dukani. Hatukumuwahi.

Mwombeni muuguzi wa zamu awatafutie mtumishi wa kike anayejua Kimaasai. Akikosekana, aje shangazi au mama mdogo, mtu mzima. Mama aambiwe ugonjwa wake, kisha aeleze kwa maneno yake atafanya nini joto likipanda. "Ndiyo" peke yake msiipokee. Na mnunue kipimajoto.

Wale wauza mizizi wa mnadani hawaponyi saratani, nasema bila kumung'unya. Lakini wanachuchumaa mbele ya mama, wanamwamkia kwa lugha yake, wanamsikiliza nusu saa. Anapotufikia, titi limeshapasuka. Nanyi madaktari vijana mnaojadiliana kwa Kiingereza juu ya kitanda chake, mnamrudisha kulekule mnadani.