Mafuta ya Mtakatifu Yosefu na vidonge vya mama

*Shangazi, mama yangu alipata kiharusi na mkono wake wa kushoto haunyanyuki. Rafiki alituletea kichupa cha mafuta ya Mtakatifu Yosefu yaliyobarikiwa, nami nampaka kila usiku tukisali novena, yaani sala ya siku tisa mfululizo. Tumemaliza novena tatu bila badiliko. Mama ameacha vidonge vya shinikizo la damu akisema kuvimeza ni kukosa imani, na kaka yangu anatuita washirikina. Je, imani yangu ni haba?*

Mwanangu, nianze na vidonge, kwa kuwa haviwezi kungoja. Mpeleke mama kwa daktari wake upesi, mkamweleze bila kuficha kwamba aliviacha, kwani shinikizo la damu lisilodhibitiwa linaweza kumletea kiharusi cha pili. Akikataa, mfungulie Yoshua bin Sira sura ya 38 umsomee polepole: humo tunaagizwa kumheshimu tabibu, na tunaambiwa kuwa Bwana ndiye aliyetoa dawa katika ardhi.

Kuhusu kaka yako, mweleze mafuta hayo yametoka wapi. Bruda André Bessette, mtawa aliyekuwa bawabu wa shule huko Montreal, Kanada, kwa takriban miaka 40, aliwapaka wagonjwa mafuta ya taa iliyowaka mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu na kuwahimiza wamwombe mtakatifu huyo awaombee kwa Mungu. Alikasirika kila alipoitwa mponyaji. Mshirikina huamini kwamba nguvu imo ndani ya kichupa. Mkatoliki hukishika kichupa akiomba. Hata hivyo, kaka yako asipuuzwe kabisa, maana ukianza kuhesabu novena kama mtu anayedai deni, umeshaikaribia hatari anayoiona.

Imani yako si haba. Bruda André, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2010, alisumbuliwa na tumbo tangu ujana wake, na hakuna anayesema kwamba hakuwa na imani. Unapoushika mkono ule usionyanyuka, ukausugua kidole kwa kidole huku mama akiitikia sala, tayari unafanya jambo ambalo Mungu analiona.

Liko moja ambalo hukulitaja, nalo ni Mpako wa Wagonjwa. Mafuta yako ni kisakramenti, yaani kitu kilichobarikiwa cha kutusaidia kusali, na mlei anaweza kuyatumia kwa ibada; Mpako ni sakramenti yenyewe, hutolewa na padre au askofu peke yake, kama Waraka wa Yakobo 5:14 unavyotuelekeza kuwaita wazee wa Kanisa, yaani mapadre. Pengine mama ataogopa, kwa kuwa wazee wetu walizoea kumwona padre akija na mafuta pale tu mtu anapokata roho. Mwambie kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulifafanua mwaka 1963 kuwa sakramenti hiyo si ya wanaokufa tu. Mpigie paroko simu kesho asubuhi, na usiku huu mpake mama mafuta yake kama kawaida.