Jibu: Strokestown ilichukuliwa na serikali ya Ireland?

Ndugu, umeuliza kama shamba la akina Mahon pale Strokestown, wilaya ya Roscommon, lilitaifishwa baada ya uhuru. Hapana, nyumba iliuzwa tu, na ikauzwa kwa hiari.

Nicholas Mahon alipata ardhi hiyo karne ya 17, baada ya jemadari Mwingereza Cromwell kuishinda Ireland, Wakatoliki wengi walipokuwa wamenyang'anywa mali. Ilirithiwa ndani ya ukoo hadi 1845, ikamfikia Meja Denis Mahon ikiwa na madeni makubwa na wapangaji wasioweza kulipa kodi. Mwaka huohuo ugonjwa wa viazi ukaingia, ukaleta njaa kubwa.

Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 1847 Mahon aliwalipia nauli wapangaji 1,490 waende Kanada, kwa sababu kuwasafirisha kulikuwa nafuu kuliko kuwalisha. Walitembea kwa miguu hadi Dublin, wakapitia Liverpool, na wengi walifia njiani au karantini. Mimi siwezi kuuita huo msaada. Novemba 1847 Mahon mwenyewe alipigwa risasi akauawa.

Binti yake Grace alikuwa ameolewa na Henry Sandford Pakenham, ndiyo maana baadaye utaona jina Pakenham Mahon. Mashamba yenyewe yalimegwa kupitia sheria za ardhi, ambazo ziliwawezesha wapangaji kununua vipande vyao.

Mwaka 1979 familia ilimuuzia nyumba Jim Callery, mfanyabiashara wa hapohapo. Ndani akakuta nyaraka za njaa ile, likiwemo ombi la 1846 la wapangaji wa Cloonahee, sehemu ya shamba hilo. Akazihifadhi, na makumbusho ya njaa yakafunguliwa 1994.