Mwanangu, rekodi kwanza

Babangu,

Sisi wazima, nyanyako anakusalimia na anauliza kama unakula. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kwamba bendi imekufa tangu mwimbaji wenu apate karatasi za Canada, kwamba wewe uko na nyimbo zako umezificha tu kwa simu, na sasa unaniuliza mpiga dramu ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu ataanzaje bendi yake, atafute watu kwanza ama arekodi kwanza, na si watu watasema unajipandisha kwa mgongo wa bendi iliyokwisha. Nakuandikia maana kwa simu huwa unasema "sawa mum" kabla sijamaliza.

Unajua vile babako alikuwa mtu wa lingala na mimi nikawa mtu wa magita ya kelele, basi wacha nikujibu na kitu ninachokijua. Hiyo shida yako si mpya. Dave Grohl alikuwa mpiga dramu wa Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, mwimbaji wao Kurt Cobain akajiua kwa bunduki Aprili 1994, bendi ikaishia hapo hapo ikiwa kubwa kuliko karibu bendi zote za rock wakati huo, na jamaa akabaki na umri wa miaka 25 hajui afanye nini. Kwa muda hata muziki wenyewe hakutaka kuusikia. Watu walimtaka kama mpiga dramu, si kidogo, Tom Petty, mwimbaji mkubwa wa rock, alimwita akapige naye kwa kipindi cha TV cha Saturday Night Live Novemba 1994, ikaenda vizuri sana, Petty akamwambia abaki. Akakataa! Fikiria, mshahara, bendi tayari, mzee mwenye heshima yake. Lakini kabla ya hiyo shoo alikuwa ashafanya kitu chake kimya kimya.

Oktoba 1994 alienda studio ya Robert Lang, pale karibu na kwake Seattle, na rafiki yake Barrett Jones akiwa kwa mitambo, na kwa kama wiki moja hivi wakarekodi nyimbo zote. Yeye ndiye alipiga dramu, yeye besi, yeye magita, yeye akaimba. Mtu mwingine pekee utakayemsikia humo ni Greg Dulli wa bendi ya Afghan Whigs, amepiga gita kwa wimbo mmoja, X-Static. Basi.

Sasa hapa ndipo nataka usikilize kama mpiga dramu maana ndipo utamu ulipo. Alikuwa anaanza na dramu peke yake, hakuna gita, hakuna sauti, wimbo mzima uko kichwani tu, anajua hapa ni kiitikio, hapa natulia baa nne, hapa naingia tena, anamaliza, anatoka mbio anachukua gita analaza juu, halafu besi, halafu sauti. Umeona? Ndio maana ukisikiliza This Is a Call, mmoja wa nyimbo hizo, dramu haifuati gita, gita ndilo linafuata dramu. Mtu wa gita akiandika wimbo humwachia mpiga dramu nafasi zilizobaki. Wewe nafasi zote ni zako mpaka uamue kuzigawa, na hiyo ni nguvu babangu, usiniambie tena "mimi ni mpiga dramu tu", hiyo "tu" sijui umeitoa kwa nani.

Na sauti. Unasema sauti yako nyembamba. Yeye pia alikuwa anaionea haya yake, akairekodi mara kadhaa akaipanga moja juu ya nyingine mpaka ikanona, ukivaa hedifoni utaisikia vizuri kwa wimbo wa Floaty. Maneno nayo, nikuambie ukweli, mengine hayana kichwa wala miguu, mengi aliyaandika dakika za mwisho mwisho kabla ya kuimba. Hapo usimwige. Wewe una maneno mazuri, ile yako ya matatu ya mwisho usiku nimeisikiliza nikanyamaza.

Watu hudhani zile nyimbo alizitoa kwa huzuni ya msiba, lakini nyingi zilikuwepo tangu siku za Nirvana, anazirekodi pembeni na Barrett Jones, anaweka. 1992 alishatoa kaseti ndogo, Pocketwatch, akajiita Late! badala ya jina lake. Kwa Nirvana wimbo wake uliotoka ni mmoja, Marigold, nao uliwekwa upande wa pili wa singo. Si unajua ule utani wa wanamuziki, eti neno la mwisho la mpiga dramu kabla ya kufukuzwa ni "jamani nina nyimbo zangu hapa". Kumbe ni wewe huyo.

Kuhusu jina. Hakuweka Dave Grohl kwa kaseti ya hizo nyimbo za Oktoba. Aliandika Foo Fighters, jina ambalo marubani wa vita vya pili vya dunia waliita zile taa za ajabu walizokuwa wakiziona angani, ili mtu akisikia adhani ni kundi zima. Hata hili hakulianzisha yeye, Stewart Copeland, mpiga dramu wa bendi ya The Police, alishafanya hivyo, alirekodi vitu vyake akajiita Klark Kent. Grohl alitoa nakala kama 100 za kaseti akagawia marafiki, zikazunguka zenyewe, zikafika kwa lebo, yaani kampuni za kurekodi, na alipokuja kusaini na lebo ya Capitol kiongozi wa pale alikuwa Gary Gersh, yule yule aliyewasaini Nirvana kule lebo ya Geffen. Kwa hiyo tusidanganyane, mlango alikuwa nao tayari. Wewe huna Gary Gersh. Lakini kaseti ilitangulia, mlango ukafuata.

Albamu ikatoka Julai 1995, ikafika namba 23 Marekani, baadaye ikapita nakala milioni. Na maneno ya watu? Walisema, watasema. Jalada lilikuwa na picha ya bastola ya kuchezea, watu wakamrukia, eti baada ya yaliyompata Cobain unawekaje bunduki? Ilikuwa ni toy ya Buck Rogers, yule shujaa wa hadithi za anga, jamani, picha kapiga mkewe wa wakati huo. Mahojiano nayo kila mara ni Nirvana, Nirvana. Alichofanya ni kuingia barabarani akapiga shoo. Wewe mwimbaji wenu yuko hai, anakula baridi Canada, mpigie umwambie unaanza chako, hayo ya kumpanda mgongo yataisha siku hiyo.

Sasa hili ndilo nilitaka ulibebe polepole. Watu aliwatafuta baada ya kurekodi. Nate Mendel wa besi na William Goldsmith wa dramu aliwatoa bendi ya Sunny Day Real Estate iliyokuwa inavunjika, Pat Smear akampata maana alishapiga gita na Nirvana mwishoni. Februari 1995 wakapiga shoo kwa klabu ndogo Arcata, California. Vizuri. Lakini ukishazoea kufanya kila kitu mwenyewe, mkono unawasha. Albamu ya pili Grohl hakuridhika na dramu, akazirudia nyingi mwenyewe, na Goldsmith akaondoka 1997. Mimi nampenda Grohl lakini hapo sikumpenda. Unamwita mtu kwa kiti ambacho wewe mwenyewe ndiwe bingwa wake, halafu unakifuta alichofanya? Wewe ukipata mpiga dramu, mwambie tangu siku ya kwanza, hizi nimepiga mimi, zijazo ni zako, na uache ziwe zake hata kama una njia bora. La sivyo piga dramu mwenyewe uimbe ukiwa umekaa, wapo wanaofanya.

Kwa hiyo rekodi. Usingoje watu. Studio nyingi za huko mtaani hazina hata chumba cha dramu, wamezoea biti za kompyuta, kwa hiyo nimeongea na mama mchungaji wa kanisa pale ulipojifunzia. Jumanne na Alhamisi asubuhi hakuna ibada, dramu zipo, umeme utalipa wewe, maiki utabeba zako. Amesema usivute sigara kwa kompaundi na ukimaliza urudishe zulia chini ya besi dramu, mara ya mwisho uliliacha kwa veranda likanyeshewa.